Waya Mfupi na Kinamasi cha Babu

Haapajärvi, 23 Agosti 1998

Kaka Jouni,

Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, na kwamba yale malengelenge uliyomlalamikia mama kwenye simu yamekauka. Huku hatujambo. Baba amerudi kwenye lori lake la magogo na mgongo umeanza kumsumbua tena, ila ukimwambia aende kwa daktari anakwambia mgongo ni wake. Mama amejaza friza mpaka mlango haufungi, ameuwekea tofali. Bibi anasema tangu uende jeshini hakuna anayekula mkate wake wa shayiri, kana kwamba mimi sina mdomo. Mbwa bado analala mlangoni mwa chumba chako.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ni kompyuta. Nakumbuka siku unaondoka ulivyoniambia, kwamba niitumie kwa kazi za shule tu, nisifungue boksi lake, na kiti chako nisikishushe. Kiti nilikishusha siku ile ile, miguu ilikuwa haifiki chini. Hayo mengine nimeyashika mpaka leo.

Nimenunua kadi ya picha, ile ya kufungwa ndani ya kompyuta ili michezo iende vizuri. Ile ile uliyobandika picha yake ndani ya mlango wa kabati lako. Aliitangaza mzee mmoja wa Oulu gazetini, Hietala jina lake, naye amenitumia kwa posta ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa mkate, bila boksi wala karatasi ya maelezo. Hela nimezipata kwa kuuza beri za manjano sokoni. Mwaka huu zilizaa sana. Pole, wewe ulikuwa unapiga kwata.

Tangu uondoke, Kimmo na wenzake wamebaki watatu kwenye timu yenu. Mwezi wa tatu, likizo ya kuteleza thelujini kwa ski ikianza, kuna mashindano ya ule mchezo wenu wa kuwindana mahandakini, kwenye ukumbi wa shule kule Nivala. Kila timu watu wanne, kila mtu na mashine yake. Wameniomba nikae mahali pako. Sikuwaomba mimi. Kimmo alisema, "Mirka, jicho lako ni la Jouni mtupu, ila wewe ukiuawa mchezoni hupigi kelele." Nikaona nikwambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa mwingine. Ila kwa mashine yetu ilivyo sasa, mtu akigeuka haraka picha inakwama, ikija kufunguka nimeshakufa.

Kwa hiyo niandikie tafadhali, hatua kwa hatua, hiyo kadi inafungwaje. Hakuna anayejua mambo haya kama wewe.

Kimmo anakusalimu.

Mdogo wako,
Mirka


Sodankylä, 13 Septemba 1998

Mirka,

Barua yako ilifika siku nyingi, ila tulikuwa porini kwenye mazoezi na porini hakuna meza. Mimi mzima. Kula tunakula, Alhamisi supu ya njegere kama kawaida, na jamaa wa kitanda cha juu yangu, Vesterinen, anakoroma mpaka vioo vya madirisha vinaitikia. Mwambie mama soksi za sufu nimezipata. Mwambie bibi mkate wa hapa ni ubao mtupu na kila asubuhi namkumbuka yeye. Mbwa mpe mfupa, mwambie umetoka kwangu.

Kuhusu kadi, jibu ni usiifunge. Mashine ile ni ya zamani, naijua ilivyo. Ukiiongezea mzigo itapata joto, ikishapata joto itakufa, na ikifa utasema ilikufa yenyewe. Isitoshe kadi ile nilipanga kuinunua mimi. Picha yake umeiona mlangoni mwa kabati langu, na sijui ulikuwa unatafuta nini kabatini mwangu. Duniani kuna vitu vingi vya kununua. Baiskeli yako haina breki.

Unasema Kimmo ananisalimu. Kimmo ana mikono miwili na sanduku la posta liko mbele ya nyumba yao. Jeshi lilimwacha kwa sababu ya pumu, sikujua pumu inazuia mtu kuandika. Tangu darasa la kwanza tumekaa dawati moja, na leo kiti changu hakijapoa ameshatafuta wa kukikalia. Mwambie hivyo. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Halafu hizo beri. Ulizitoa wapi? Kijijini kwetu, beri za kutosha kupeleka sokoni ziko mahali pamoja tu.

Kaka yako,
Jouni


Haapajärvi, 4 Oktoba 1998

Kaka Jouni,

Tunamshukuru Mungu kwa uzima. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, Jumatano ikayeyuka. Baba amekwenda kwa daktari hatimaye, kwa sababu mama alificha funguo za lori. Ameambiwa apumzike, kwa hiyo sasa anashinda nyumbani akitufundisha sote namna ya kupanga kuni. Bibi amefurahi kwa maneno yako ya mkate, amekuokea mitatu. Iko kwenye kifurushi hiki. Mmoja una alama za meno ya mbwa, usimwambie.

Kadi nimeifunga. Nilisubiri jibu lako wiki tatu, na lilipokuja halikuwa jibu. Nilizima umeme, nikashika radieta ya ukutani kwanza ili kuondoa umeme wa mwilini, kama ulivyokuwa unafanya wewe, nikafungua boksi. Kadi iliingia vizuri, ikatoa ule mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Mashine haijapata joto wala haijafa.

Tatizo ni moja. Kwa nyuma sasa kuna kadi mbili, ile ya zamani na hii mpya, na mpya ina matundu mawili yanayofanana na la skrini. Nikichomeka skrini kwenye kadi ya zamani, naona kila kitu, ila nikifungua mchezo inakuwa giza. Nikichomeka kwenye mpya, ni giza tangu mwanzo. Nimejaribu tundu la juu na la chini. Kimmo amekuja kutazama akakuna kichwa. Alisema, "Hii ni kazi ya Jouni, mimi najua kucheza tu." Unaona, anakutaja.

Kuhusu beri, marehemu babu mwenyewe alikuwa anasema mtu haulizwi kinamasi anachochumia beri. Hata ndugu haulizwi. Uliponikatalia kunionyesha chako miaka yote hii sikukuuliza tena. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani siku babu aliyokupeleka wewe huko, nikaambiwa, "Mirka atatusubiri, aje kuosha ndoo." Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimeshavaa viatu vya mpira. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Basi niambie hilo giza linatoka wapi.

Mirka


Sodankylä, 8 Novemba 1998

Mirka,

Samahani kwa kuchelewa. Nimechaguliwa kwenda kozi ya uongozi, kwa hiyo nitakuwa hapa mpaka Julai. Mwambie baba, atafurahi. Mwambie mama asilie. Mkate ulifika, Vesterinen amekula mmoja mzima akaniuliza kama bibi ana mjukuu wa kike. Nimemwambia hana.

Kuhusu giza, linaweza kuwa mambo mengi. Pengine mzee wa Oulu amekuuzia kadi iliyokufa. Watu wa matangazo ya gazeti ndivyo walivyo. Mrudishie, akurudishie hela zako, ununue breki.

Kimmo akija nyumbani anakaa wapi? Kwenye kiti changu, au anasimama?

Hapa baridi imeanza na jua tunaliona kidogo sana. Sina zaidi.

Jouni


Haapajärvi, 22 Novemba 1998

Kaka yangu mpendwa,

Leo nakuandikia kwa furaha, kwa hiyo vumilia. Nyumbani wote wazima. Baba amerudi kazini, sasa kuni zinapumua. Mama alilia kidogo kwa habari ya Julai, kisha akampigia shangazi simu kumwambia mwanawe anakuwa kiongozi. Bibi anataka kujua huyo Vesterinen ni mtoto wa nani.

Mashine inafanya kazi. Nilimpigia simu mzee Hietala mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, lakini aliposikia ninayomwambia akaguna, akasema, "Mama wee, binti, waya mfupi nimeusahau hapa mezani kwangu." Kumbe kadi hii haionyeshi picha za kawaida kabisa, ni za mchezo tu. Kwa hiyo kuna waya mfupi wa kutoka kadi ya zamani kuingia mpya, na skrini inachomekwa kwenye mpya. Waya wenyewe hauzidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Aliutuma siku ile ile na akaongezea chokoleti.

Jouni, ningependa ungekuwepo. Yale maji ya kijani chini ya daraja la mchezoni, ambayo kwetu yalikuwa vipande vipande kama vigae, sasa ni maji. Unaona chini yake. Roketi ikipita ukutani, mwanga unaifuata. Nilisimama pale darajani nikitazama maji mpaka Kimmo, tuliyekuwa tukicheza naye kwa laini ya simu, akaniua mara tatu, akaniandikia kwenye skrini kuniuliza kama nimelala.

Nikajisemea, kumbe kuna kitu kimoja duniani kuhusu kompyuta ambacho kaka yangu hakijui. Nilimwambia na Kimmo. Alicheka sana.

Kimmo hukaa kwenye kiti cha jikoni, kama ndilo ulilotaka kujua. Na kwa vile umeuliza beri mara moja na hujaacha kuziwaza, nakwambia. Kimmo alinipeleka. Alisema wewe ulimpeleka msimu wa mwaka juzi. Sikuamini. Nilifika pale nikaona beri zimetapakaa mpaka ukingo wa msitu, nikaketi juu ya ndoo. Rafiki yako ulimwonyesha, mimi dada yako hukunionyesha. Nilichuma mpaka mgongo ukawa wa baba.

Mirka


Sodankylä, 6 Desemba 1998

Mirka,

Leo Siku ya Uhuru, tumewasha mishumaa miwili dirishani na kamanda ametoa hotuba ndefu. Wasalimu wote.

Nilijua. Nilijua tangu barua yako ya Agosti, ulipoandika mfuko wa mkate bila boksi. Ningeweza kuuchora waya ule nikiwa usingizini. Usimwambie mtu yeyote kwamba sikujua, na hasa usimwambie Kimmo. Kama umeshamwambia, kamwambie upya.

Kuhusu kinamasi, nilimwonyesha Kimmo kwa sababu alikuwa amevunjika moyo msimu ule, baba yake alipohama, na aliniapia hatamwonyesha mtu. Sasa najua kiapo chake kina uzito gani. Kwa hiyo nilimpa kinamasi, akakupa wewe kinamasi, akakupa na kiti changu. Nauliza tu, mimi amenibakishia nini?

Nakuja Krismasi. Kiti nikikute kimepandishwa.

Jouni


Haapajärvi, 10 Januari 1999

Kaka Jouni,

Heri ya mwaka mpya, ingawa sisi wenyewe tuliagana vibaya. Bibi ana mafua, baba mzima, mama anauliza ulifika salama kwa sababu hukupiga simu. Baridi imekuwa kali hata bomba la sauna limeganda, tunaoga kwa ndoo.

Sikulaumu kwa Krismasi. Ulikuja umechoka, umenyolewa vibaya, ukala nyama ya mama kama mtu wa vitani. Kiti nilikuwa nimekipandisha. Uliketi kwenye mashine tangu baada ya sauna, mama akaita chakula mara mbili, hukusikia. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikikutazama. Hukusema ni nzuri. Ulisimama pale pale darajani juu ya maji, kwa muda mrefu kuliko mimi, na shingo yako ilikuwa nyekundu. Ulichosema ni, "Mwanga umewekwa mkali mno, umekosea kuupanga." Ukaupanga. Mwanga ukawa mzuri zaidi, na sikukwambia kwa sababu na mimi nina kiburi changu.

Siku ya pili Kimmo akaja. Najua ulivyosikia. Aliingia, akavua viatu, akakupiga bega, "Aa, jemadari!" kisha akanigeukia mimi, "Mirka, umejiandaa? Wale wa Ylivieska wanatusubiri kwenye laini ya simu tucheze." Hakukuuliza hata kama unataka kucheza. Alikosea, nimemwambia alikosea. Wewe ukatoka kwenda kupasua kuni, na kuni zimejaa banda zima. Nilikuwa nakusikia mpaka tumemaliza.

Asubuhi ulipanda basi kabla sijaamka. Nilipofungua mchezo jioni ikawa giza, giza lile lile la Oktoba. Nimetazama nyuma. Waya mfupi haupo. Nimetafuta chini ya meza, kwenye droo, mpaka kwenye kikapu cha mbwa.

Labda umeuona mahali. Mzee Hietala hana mwingine, nimemuuliza.

Mirka


Sodankylä, 17 Januari 1999

Mirka,

Nilifika salama, mwambie mama. Bibi anywe maji ya moto na asitoke.

Sijui unazungumzia nini. Pengine uliibeba mashine kwenda kwa Kimmo kwa sleji ya bibi ya kusukuma thelujini, baridi yote hii, ukaiingiza ndani ukaiwasha papo hapo. Mashine iliyotoka kwenye baridi ikiingia ndani inatoa jasho, na jasho likigusa umeme ndiyo mwisho wake. Angalia hapo kwanza kabla hujatafuta nyaya kwenye vikapu vya mbwa.

Tunakwenda porini wiki mbili.

Jouni


Haapajärvi, 24 Januari 1999

Jouni,

Bibi amepona.

Skrini ilikuwa imechomekwa vizuri kwenye kadi ya zamani, na skrubu zake mbili zimekazwa kwa bisibisi. Mimi hukaza kwa vidole. Kimmo hakazi kabisa. Mama na baba hawajui kama kuna skrubu. Nyumba hii ina mtu mmoja tu wa kukaza skrubu za waya wa skrini kwa bisibisi, hata akiwa na hasira, hata akiwa na haraka ya basi.

Sijamwambia mama. Kimmo nimemwambia waya umekatika, na sitamwambia zaidi ya hapo.

Mashindano ni tarehe tano Machi. Sikuombi. Nakujulisha tarehe tu.

Mirka


Sodankylä, 21 Februari 1999

Mdogo wangu Mirka,

Pole kwa kimya. Porini kulikuwa na baridi ya kukausha mate, tulilala hemani watu kumi na jiko moja, kila mtu akichukua zamu ya kulinda moto. Vidole vyote ninavyo. Nafurahi kwamba bibi amepona. Mwambie baba nimeanza kuamrisha watu na hawanisikilizi, kama yeye na sisi.

Nisikilize vizuri kuhusu safari ya Nivala. Msiiweke mashine kwenye buti la gari bila kuifunika. Ifunge kwa blanketi la sufu, lile la kahawia, na skrini uizungushie mto wangu. Mkifika ukumbini iache imefungwa hivyo hivyo muda mrefu, kunyweni kahawa, chezeni karata. Wengine watawasha mara moja, wewe usiwaige. Ukigusa chuma cha boksi na hakikuumi kwa baridi, gusa tena baadaye, ndipo uwashe. Na ule mwanga niliokupangia usiubadilishe.

Bahasha hii imenenepa, mwenye posta ataitilia shaka. Ifungue taratibu.

Nilipokuwa zamu ya moto nilikuwa namfikiria babu. Kuna kitu sijamwambia mtu. Alinionyesha vinamasi viwili. Kile cha Kimmo ndicho kidogo.

Kikubwa unakipata hivi. Pita jukwaa la zamani la kuwekea makopo ya maziwa kando ya barabara, usikate kushoto kama kila mtu, endelea mpaka nguzo za umeme. Zifuate mpaka jiwe lililopasuka katikati, mti wa birchi umeota kwenye ufa. Hapo vuka mtaro. Utaona banda bovu la nyasi, paa limeanguka upande mmoja. Kinamasi kiko nyuma yake, na huoni mwisho wake. Usitoke barabarani moja kwa moja. Babu alikuwa anazunguka kwa upande wa ziwa, kila mara njia tofauti, ili asiache alama ya kupita.

Niliona vibaya wewe kuwa na kadi, nikaona vibaya zaidi ulivyoifunga peke yako, na Kimmo alivyosema nawe mbele yangu niliona giza bila mchezo wowote. Bado naona vibaya, sitakudanganya. Lakini zamu ya moto ni ndefu, mtu anafikiria mengi.

Kimmo asijue. Nakuomba hilo moja tu. Kimmo asijue hata kidogo.

Kaka yako,
Jouni


Haapajärvi, 14 Machi 1999

Kaka yangu Jouni,

Nyumbani kwetu wote tuko salama. Mama ameshona mapazia mapya, bibi anayachukia. Baba amewaambia wenzake wote kazini kwamba wewe unaamrisha watu. Mbwa amezeeka ghafla, lakini nikitaja jina lako anainua sikio moja.

Tumetoka wa nne kati ya timu kumi na mbili. Ningeandika kwamba tungekuwa wa pili kama ungekuwepo wewe, lakini sitaki kumwonea mtu aliyecheza, na aliyecheza ni mimi. Blanketi nililifunga kama ulivyosema. Tulikunywa kahawa mpaka tukatetemeka. Kijana mmoja wa meza ya jirani aliwasha mashine yake akiwa bado na glavu mikononi, ikatoa mlio na moshi kidogo, alikaa siku mbili akitutazama sisi. Watu walikuja kwetu kuangalia maji chini ya daraja. Waliuliza nani amepanga mwanga ule. Niliwaambia kaka yangu, yuko jeshini.

Waya wako ulifika ndani ya bahasha Jumatano moja kabla ya mashindano. Wakati huo Kimmo alikuwa ameshaniletea mwingine, ameuhangaikia kwa watu wa Oulu wiki nzima, mpya na mrefu kuliko wako, na ulikuwa unafanya kazi vizuri. Niliuchomoa nikachomeka wako. Skrubu nikazikaza kwa bisibisi. Kimmo akaniuliza, "Sasa wangu una kasoro gani?" Nikamwambia hauna kasoro, urudishe tu ulikoutoa. Alinuna mpaka Nivala. Nadhani naye amekuonea wivu, basi mko sawa.

Jumapili iliyopita nilivaa ski nikaenda kwenye kinamasi kikubwa. Nilizunguka kwa upande wa ziwa. Jiwe lipo, na birchi ipo. Nilisimama nyuma ya banda na nikaona weupe mtupu unaokwenda mpaka macho yanachoka. Nililia kidogo, nakwambia wewe tu. Nilipogeuka kurudi ndipo nikaona ujinga wangu. Alama za ski zangu zilikuwa zimenyooka nyuma yangu waziwazi, njia nzima, hata mtoto angezifuata. Nilirudi nyumbani juu ya alama zile zile. Lakini usiku theluji ilianguka nyingi, na asubuhi nilipochungulia dirishani hakukuwa na alama ya mtu.

Kimmo alipita asubuhi hiyo akaniuliza jana yake nilikuwa wapi na ski. Nikamwambia mtu haulizwi.

Kiti chako nimekipandisha, na changu nimekihamisha kutoka jikoni kabisa, kiko kando yake. Julai ukirudi beri zitakuwa zimekaribia kuiva. Tutakwenda wawili. Viatu vya mpira ninavyo. Tukirudi, ndoo utaosha wewe.

Mdogo wako,
Mirka